Sura ya Sita: Urithi wa Kiangazi Kimoja

Timu ya wanafunzi wa biolojia sanisi huzaliwa upya kila mwaka. Wanaoingia maabara mwezi wa tano au wa sita, wengi wao hawajawahi kushika pipeti kwa kazi ya maana. Ifikapo mwezi wa kumi wanajua kukata DNA, kuiunga, kuiingiza ndani ya bakteria na kusoma matokeo kwenye jeli. Kisha wanasafiri kwenda kuonyesha kazi yao, wanarudi darasani, wanahitimu na kutawanyika. Mwaka unaofuata wanakuja wengine, nao wanafungua friza iliyojaa vichupa vyenye maandishi yaliyofifia: "A3 mpya", "hii ndiyo nzuri", "usitumie". Aliyeandika hayo yuko mji mwingine, ana kazi nyingine, na hata ukimpigia simu hakumbuki tena A3 ya zamani ilikuwa na kasoro gani.

Timu hiyo mpya itaanzia pale wenzao walipofika, au itarudia msimu mzima kujifunza yaliyokwisha kujulikana? Jibu liko kwenye itifaki walizoachiwa, yaani yale maelezo ya hatua kwa hatua ya kazi za maabara: weka kiasi gani cha nini, kwa nyuzijoto ngapi, kwa muda gani, halafu ufanye nini. Karibu kila timu inazo. Lakini kuwa na orodha ya hatua ni jambo moja, na kushirikishana itifaki ni jambo jingine. Mimi naamini itifaki haijamfikia mtu mpaka yule ambaye hakuwepo ilipoandikwa aweze kuifuata, ajue kila hatua ipo kwa sababu gani, na aweze kuigeuza bila kuiharibu pale vifaa vyake vinapokuwa tofauti. Kwa kipimo hicho, nyingi ya karatasi zinazobandikwa kwenye kuta za maabara bado hazijamfikia mtu yeyote.

Mfano wa jambo hili unapatikana Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Januari 2003, katika mwezi ule wa mapumziko kati ya mihula miwili, chuo cha MIT kilitoa kozi fupi ambamo wanafunzi walitakiwa kubuni sakiti za DNA za kuzifanya seli ziwake na kuzima kwa zamu. Kiangazi cha 2004 kozi hiyo ikageuka mashindano ya vyuo vitano, na mwaka 2005 timu zikawa 13. Ndivyo yalivyoanza mashindano yanayojulikana kama iGEM, ambayo leo hukusanya mamia ya timu kila msimu kutoka pande zote za dunia, na ambayo kilele chake kilihamia Paris mwaka 2022. Walioyaanzisha, wakiwamo Tom Knight, Drew Endy na Randy Rettberg, walikuwa na mawazo ya kihandisi. Knight alikuwa mtaalamu wa kompyuta aliyeingia maabara ya biolojia akiwa mtu mzima, na kilichomshangaza ni kwamba kila mtafiti alikuwa akiunga DNA kwa namna yake. Kipande alichotengeneza huyu hakikuweza kuungwa na cha yule bila kubuni kila kitu upya.

Mwaka 2003 Knight alipendekeza dawa ya tatizo hilo. Kila kipande cha DNA kiwe na miisho ileile: upande wa mwanzo kiwe na sehemu zinazokatwa na vimeng'enya EcoRI, NotI na XbaI, na upande wa mwisho SpeI, NotI na PstI. Uzuri wa mpango huo umejificha kwenye XbaI na SpeI. Vimeng'enya hivi viwili hutambua mifuatano tofauti, lakini vikishakata huacha ncha zinazoshikana, herufi CTAG. Ncha ya XbaI ikiungwa na ya SpeI, kiungo kinachotokea hakitambuliwi tena na kimeng'enya hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo vipande viwili vikishaungana vinakuwa kipande kimoja chenye miisho ileile ya mwanzo, tayari kuungwa na cha tatu, kisha cha nne. Ni wazo la kupendeza sana. Na tangu siku ile itifaki ya kuunga vipande ikaacha kuwa ya mtu mmoja, kwa sababu aliyefuata utaratibu huo Texas aliweza kutumia kipande kilichotengenezwa Zurich.

Basi tuingie maabara tuone kazi yenyewe. Kuklonisha, kwa timu kama hii, hakuhusiani na kuzalisha mnyama pacha kama kondoo Dolly. Ni kuingiza kipande cha DNA ndani ya plasmidi, ile pete ndogo ya DNA inayoishi ndani ya bakteria, na kuwaachia bakteria kazi ya kukinakili. Unakata plasmidi na kipande kwa vimeng'enya, unaviunga kwa ligasi, unaviingiza katika seli za E. coli, unazimwaga seli kwenye sahani yenye antibayotiki, na asubuhi unatazama kama kuna makoloni, yale madoa meupe ambayo kila moja ni ukoo wa seli moja. Unachagua machache, unayakuza kwenye mchuzi, unatoa plasmidi na kuhakiki kama kipande kimo. Kazi hiyo ikienda vizuri ni ya siku nne au tano. Isipokwenda vizuri, inaweza kumeza mwezi mzima, na hapo ndipo unapojua itifaki yako ina thamani gani.

Chukua hatua ambayo kila mwanafunzi hujifunza mapema, mshtuko wa joto. Seli zilizotibiwa kwa kloridi ya kalsiamu huwekwa kwenye barafu pamoja na plasmidi kwa muda wa nusu saa hivi. Zikitoka hapo huchovywa kwenye maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 45 au karibu na hapo, hurudishwa kwenye barafu, hupewa mchuzi wa virutubisho na kuachwa kwenye nyuzi 37 kwa saa moja. Asili ya mbinu hii ni mwaka 1970, pale Morton Mandel na Akiko Higa walipoonyesha kwamba kalsiamu huisaidia E. coli kupokea DNA ya virusi vya bakteria. Mwaka 1972 Stanley Cohen na wenzake wa Stanford wakaonyesha kwamba hata plasmidi huingia kwa njia hiyo, na mwaka 1973 Cohen na Herbert Boyer wakaitumia kuingiza plasmidi waliyoiunga wenyewe. Uhandisi jeni wote umepita kwenye mlango huo.

Sasa uliza sekunde 45 zimetoka wapi. Zimetoka kwenye mrija wa aina fulani, wenye plastiki ya unene fulani, ukiwa na mikrolita 50 au 100 za seli. Weka mikrolita 200 kwenye mrija mnene zaidi na joto litachelewa kuzifikia seli, na sekunde 45 za saa yako hazitakuwa sekunde 45 za seli. Itifaki inayosema "sekunde 45" bila kutaja mrija imeacha nje nusu ya habari. Aliyeiandika hakuwa na nia ya kuficha. Mrija ulikuwa mkononi mwake kila siku, akaacha kuuona.

Ile saa moja ya mwisho ina siri kubwa zaidi. Wanafunzi wengi huiona kama muda wa kupumzisha seli, na jioni ikiwadia huikata iwe dakika 20. Kumbe ni saa ambayo bakteria aliyepokea plasmidi anatengeneza protini ya kumkinga na antibayotiki inayomsubiri kwenye sahani. Kwa ampisilini unaweza kuifupisha sana na bado ukapata makoloni ya kutosha, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli na seli hupata nafasi ya kutengeneza kinga yake ingali sahanini. Lakini kloramfenikoli huzuia utengenezaji wa protini wenyewe. Seli ikikutana nayo kabla haijatengeneza kinga, haitaweza kuitengeneza tena. Na plasmidi iliyokuwa ya kawaida kwa timu za iGEM kwa miaka mingi, pSB1C3, hubeba kinga ya kloramfenikoli. Fikiria basi mwanafunzi aliyefundishwa kwa ampisilini, akazoea kukata saa ile, akamrithisha mwenzake mazoea hayo. Mwenzake anapata sahani tupu, analaumu ligasi, ananunua ligasi mpya, anapata sahani tupu tena. Mstari mmoja ungemwokoa: saa hii ni ya kutengeneza kinga, usiifupishe kwa kloramfenikoli.

Maneno mengine yanayoonekana hayana ubaya hubeba mtego wa namna hiyohiyo. "Usiku kucha" ni saa ngapi? Kwa sahani ya ampisilini, saa 16 ni salama. Ukizidisha sana, makoloni halisi hutoa kimeng'enya kinachoharibu dawa pembeni mwao, na vidoa vidogo visivyo na plasmidi huanza kuota kuyazunguka. Mgeni huvichagua vidoa hivyo akidhani amepata bahati. "Joto la chumba" nalo ni nyuzi ngapi? Chumba cha Zurich mwezi wa pili na chumba cha Mombasa mwezi huohuo havifanani, na ligasi inahisi tofauti hiyo. Andika namba.

Kuna pia mambo ambayo hata macho hayayaoni. XbaI hushindwa kukata pale mfuatano wake unapofuatwa na herufi TC, ikiwa DNA imetoka kwenye aina za kawaida za E. coli, kwa sababu bakteria hao hubandika kikundi cha methili juu ya mfuatano GATC. DNA ileile ikitolewa kwenye aina isiyo na uwezo huo, inakatika. Kwa upande mwingine kimeng'enya DpnI, kinachotumiwa kufuta DNA ya kiolezo baada ya PCR (kunakili DNA ndani ya mrija), hukata kiolezo chenye methili peke yake. Timu isiyoandika plasmidi yake ilikuzwa katika aina gani ya bakteria haiwezi kujua kwa nini hatua moja ilifanya kazi mwezi wa saba ikagoma mwezi wa tisa. Jina la bakteria, DH5α au lolote lile, ni sehemu ya itifaki sawa na nyuzijoto.

Watu wa fani hii walitambua mapema kwamba ujuzi wa namna hii haupaswi kubaki vinywani. Mwaka 1982 maabara ya Cold Spring Harbor, jimbo la New York, ilichapisha Molecular Cloning: A Laboratory Manual, kitabu cha Tom Maniatis, Ed Fritsch na Joseph Sambrook kilichotokana na kozi iliyofundishwa hapo mwaka 1980. Kabla yake, itifaki zilisafiri kwa nakala za karatasi kutoka maabara hadi maabara, na asiyekuwa na rafiki mahali pazuri hakuzipata. Kitabu hicho kikavunja ukuta huo. Watafiti walikiita "Maniatis" tu, kikawa mezani kwa kila mtu, kurasa zake zikiwa na madoa ya bafa. Ninachokipenda zaidi ndani yake ni maelezo yanayoandamana na hatua: kwa nini chumvi hii, kwa nini ubaridi huu, nini kitatokea ukikosea. Waandishi wake walijua kwamba msomaji wao yuko peke yake na hana wa kumuuliza.

Itifaki za mtandaoni zilikuja baadaye. Mwaka 2005 wanafunzi wa maabara za Endy na Knight pale MIT waliunganisha kurasa zao za kazi na kuanzisha OpenWetWare, mahali ambapo maabara yoyote ingeweza kuweka itifaki zake na kusahihisha za wenzake. Timu za iGEM nazo zilitakiwa kuandika kazi zao hadharani, pamoja na itifaki na daftari la maabara, na kurasa hizo zimehifadhiwa hadi leo. Mwanafunzi wa Goma mwenye simu na intaneti anaweza kusoma daftari la timu iliyoshinda miaka kumi na mitano iliyopita, siku kwa siku. Hazina ya namna hiyo ni adimu hata katika sayansi ya watu wazima.

Ukizisoma kurasa hizo kwa wingi utaona tofauti kati ya kuandika kwa ajili ya majaji na kuandika kwa ajili ya warithi. Timu nyingi hunakili itifaki za kiwanda neno kwa neno, zikaweka picha nzuri na kumaliza. Timu ya chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2010 ilifanya kingine kabisa. Mwaka mmoja kabla, Daniel Gibson na wenzake wa Taasisi ya J. Craig Venter walikuwa wamechapisha njia mpya ya kuunga DNA. Badala ya kutegemea sehemu za kukatwa, vipande hupewa miisho inayofanana kwa herufi 20 hadi 40, kisha vimeng'enya vitatu hufanya kazi kwa pamoja katika mrija mmoja kwenye nyuzi 50: kimoja hutafuna uzi mmoja wa ncha, kingine hujaza mapengo, cha tatu hufunga. Ndani ya saa moja vipande vimeungana. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyojenga jenomu nzima ya bakteria yenye zaidi ya herufi milioni moja, iliyotangazwa mwezi wa tano 2010, ingawa sehemu kubwa ya uungaji wa jenomu hiyo ilifanywa ndani ya seli za hamira.

Kwa wanafunzi, njia hiyo ilionekana ya wakubwa. Timu ya Cambridge iliijaribu kwenye mradi wake wa bakteria wanaotoa mwanga, ikaona inafaa, na haikuishia kusema imefaulu. Iliandika waraka rasmi wa utaratibu, uliopewa namba 57 katika mlolongo wa nyaraka za viwango vya vipande vya DNA, ukieleza jinsi ya kutumia njia ya Gibson na vipande vilivyotengenezwa kwa utaratibu wa Knight. Ilitengeneza programu ya kusaidia kubuni miisho. Ilitunga hata wimbo wenye video unaoeleza kazi ya kila kimeng'enya, na wimbo huo ukaenea maabara nyingi. Nauthamini wimbo huo kwa dhati. Mtu aliyeuimba mara tatu anajua kimeng'enya kipi hutafuna na kipi hufunga, na siku kazi ikigoma anajua aanze kushuku wapi. Timu zilizofuata zilikuta njia imeshafunguliwa.

Swali gumu zaidi ni hili: je, watu wengi wakifuata itifaki moja, wanapata jibu moja? Timu za iGEM zilipewa nafasi ya kulijibu kuanzia mwaka 2014, pale ziliposhirikishwa katika utafiti wa pamoja wa vipimo. Misimu miwili ya kwanza, washiriki wa taasisi 88 walipima mwangaza wa bakteria waliowekewa DNA ileile. Wachache tu ndio waliweza kutoa kipimo chenye vizio halisi. Waliobaki walikuwa na namba za mashine zao, ambazo haziwezi kulinganishwa na za mashine nyingine, kwa hiyo ilibidi uchambuzi ufanywe kwa uwiano. Hata kwa uwiano, tofauti zilikuwa kubwa pale bakteria wenye mwanga hafifu walipolinganishwa na wenye mwanga mkali. Na aina ya bakteria haikuwa chanzo. Chanzo kimojawapo kilikuwa kifaa cha kupimia.

Wengine wangekata tamaa wakasema wanafunzi hawaaminiki. Waandaaji walifanya jambo la busara zaidi: walitengeneza upya itifaki. Miaka iliyofuata timu zilipelekewa vitu vya kusawazishia mashine, ikiwamo rangi ya fluoresini yenye kiasi kinachojulikana, na kila hatua ikaandikwa kwa undani, hadi mpangilio wa vishimo kwenye sahani ya kupimia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, maabara 244 zilijaribu njia tatu za kukadiria idadi ya seli kutokana na ukungu wa mchuzi. Njia ya kutumia chembe ndogo za silika, zinazopunguzwa kwa mafungu, ilitoa matokeo yaliyolingana kwa karibu sana, na ilikuwa na faida ya kumwonyesha mpimaji mwenyewe pale alipokosea kupunguza. Faida hiyo ya pili naiona kubwa kuliko ya kwanza, kwa maana kosa linaonekana siku hiyohiyo, kabla halijageuka kuwa hitimisho la uongo.

Jambo hilohilo linaweza kuwekwa ndani ya itifaki ya kuklonisha, na gharama yake ni sahani chache tu. Sahani moja iwe na seli zisizopewa DNA yoyote: ikiota, antibayotiki yako imekufa au hukuiweka. Nyingine iwe na plasmidi nzima isiyokatwa: isipoota, seli zako ndizo mbovu. Nyingine iwe na plasmidi iliyokatwa bila ligasi: ikijaa makoloni, vimeng'enya vyako havikukata vya kutosha. Ya nne iwe na plasmidi iliyokatwa pamoja na ligasi lakini bila kipande: ikijaa wakati ile ya tatu ni tupu, plasmidi inajifunga yenyewe. Mwanafunzi aliyeweka sahani hizi nne pamoja na ya kazi yenyewe anaamka asubuhi na majibu, hata kama kazi imeshindikana. Asiyeziweka ana sahani tupu na maoni ya watu sita. Ningekuwa na mamlaka, ningekataza itifaki yoyote ya timu ya wanafunzi kuitwa kamili bila sahani hizo kuandikwa ndani yake kama hatua za kawaida, zenye namba zake.

Ndani ya timu yenyewe, maradhi makubwa ni wingi wa nakala. Mmoja ana itifaki kwenye simu, mwingine kwenye daftari, wa tatu anafuata karatasi iliyobandikwa juu ya sentrifuji tangu miaka mitatu iliyopita. Kila mmoja amebadilisha kitu kidogo kwa sababu nzuri, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Wiki ya nane wanalinganisha matokeo na hawaelewi kwa nini hayalingani. Tiba yake ni kuwa na nakala moja kuu, yenye tarehe na jina la aliyeibadilisha mara ya mwisho, pamoja na sababu ya badiliko. Anayetaka kujaribu jambo jipya alijaribu, aliandike kwenye daftari lake, na likifaulu alipeleke kwenye nakala kuu wenzake wakiona. Kila itifaki pia iwe na hesabu moja iliyofanywa hadi mwisho. Kusema "tumia uwiano wa tatu kwa moja" hakumtoshi mgeni. Mwonyeshe: ukiwa na nanogramu 50 za plasmidi yenye herufi 2,000 na kipande chenye herufi 1,000, gawanya 1,000 kwa 2,000, zidisha kwa 50, zidisha kwa 3, unapata nanogramu 75 za kipande. Uwiano ni wa idadi ya molekuli, na wengi huudhani ni wa uzito.

Yaliyoshindikana nayo yana nafasi yake. Lenny Teytelman, mmoja wa waanzilishi wa huduma ya kuhifadhi itifaki iitwayo protocols.io, amesimulia jinsi alivyotumia takriban mwaka mmoja na nusu wa utafiti wake kurekebisha itifaki moja. Ilihitaji kiasi kikubwa zaidi cha kemikali na muda mrefu zaidi wa kusubiri kuliko ilivyoandikwa. Kwa kuwa lilikuwa sahihisho la njia ya zamani na wala si ugunduzi mpya, hakukuwa na jarida la kulichapisha, na watafiti wengine wangeendelea kupoteza muda kwa kosa lilelile. Timu ya wanafunzi iko kwenye hatari hiyo maradufu. Ina muda mfupi zaidi, na majaji wake hutazama kilichofaulu. Ukurasa unaosema "tulijaribu kwa nyuzi 55, mara tatu, hakikupatikana kitu" haumpatii mtu medali ya dhahabu, ila unampa mrithi wake wiki nzima ya maisha.

Mwisho wa kila itifaki pawepo maelezo ya nini kifanyike kwa mabaki, nayo yaandikwe kwa makini uleule wa hatua za juu. Bakteria hawa wengi ni wa kundi lisilosababisha ugonjwa kwa mtu mzima mwenye afya, na iGEM huzitaka timu kuomba ruhusa kabla ya kutumia viumbe nje ya orodha iliyokubaliwa, na huzikataza kutoa nje ya maabara kiumbe kilichobadilishwa. Lakini kanuni ya mashindano haitamwaga mchuzi wa jana. Anayejua kwamba chupa hii huenda kwenye otoklevu ya nyuzi 121, ile huwekewa dawa ya klorini, na jeli yenye rangi ya kutambua DNA huwa na ndoo yake, ni yule aliyeonyeshwa au aliyesoma. Itifaki inayoishia kwenye "hakiki matokeo" imemwacha mtu katikati ya chumba akiwa na sahani 20 za bakteria sugu kwa antibayotiki mkononi.

Kwa hiyo nina ombi kwa timu yoyote inayosoma sura hii. Kabla msimu haujaisha, wakati walioandika itifaki bado wapo, mchukueni mwanachama aliyejiunga mwisho, mpeni karatasi na vifaa, naye mwandishi akae kando na kalamu bila kusema neno isipokuwa kuzuia hatari. Kila swali atakalouliza, na kila mahali atakaposita, pawekwe alama, na jibu liandikwe ndani ya itifaki palepale. Kisha rudieni na mtu mwingine. Kazi hiyo itachukua siku mbili au tatu, tena zile siku za mwisho ambazo kila mtu anazitaka kwa ajili ya bango na slaidi. Zitoeni.